William Percival Johnson na Maandishi ya Mwambao wa Ziwa Nyasa: Kumsoma Upya Mwandishi wa Liuli, 1876–1928

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na kazi za uandishi za William Percival Johnson (1854–1928), mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa na kuzikwa Liuli, katika eneo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Wanahistoria humtaja zaidi kwa vitabu vyake viwili vya Kiingereza vya miaka ya 1920. Makala yanadai kwamba vitabu hivyo ni sehemu ndogo ya kazi yake, na kwamba sehemu kubwa, iliyoandikwa kwa Kinyanja na Kimpoto, imebaki pembeni kwa sababu ya namna tunavyohesabu uandishi na kumtambua mwandishi. Yanahitimisha kwa kueleza umuhimu wa matini hizo kwa isimu historia na kwa historia ya Kiswahili chenyewe.

1. Utangulizi

Liuli ni mji mdogo wa bandari katika Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga katika muongo wa 2010. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba ulioko pale, ambao machoni mwao ulifanana na sanamu maarufu ya Misri. Wenyeji wanalo Jiwe la Pomonda, na simulizi zao zinalikumbuka kama mahali pa kujificha wakati wa mashambulizi ya Wangoni. Mwamba ni uleule, lakini majina yanabeba kumbukumbu mbili tofauti: moja ni ya mgeni aliyefika kwa meli, nyingine ni ya mtu aliyekimbilia pangoni na watoto wake.

Katika mji huo kuna kaburi la William Percival Johnson. Waumini wa Kianglikana humkumbuka kila tarehe 11 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1928. Kaburi linatunzwa na kuzuruliwa, ilhali maandishi ya aliyelala ndani yake hayasomwi. Hata katika idara zetu za Kiswahili na isimu, jina lake hutajwa, pale linapotajwa, kama tanbihi ya historia ya Kanisa.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: tunapomwita mtu mwandishi mwingi wa maandishi yasiyo ya kubuni, tunahesabu nini? Tukihesabu vitabu vyenye jina lake kwenye jalada, Johnson ni mwandishi wa wastani. Tukihesabu kurasa alizoziweka katika lugha ambazo watu wa mwambao walizisoma, ni miongoni mwa waandishi wakubwa wa eneo zima la ziwa. Tofauti ya hesabu hizo mbili inatuonyesha ni lugha zipi tunazikubali kuwa lugha za uandishi.

2. Kutoka Oxford hadi ziwani

Johnson alizaliwa tarehe 12 Machi 1854 katika Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma Bedford, kisha Chuo Kikuu cha Oxford katika University College, ambako alikuwa pamoja na Chauncy Maples. Alikuwa amekwisha kukubaliwa kuingia katika utumishi wa serikali ya India, kazi yenye mshahara mzuri na heshima kwa kijana wa tabaka lake. Aliiacha baada ya kuvutwa na mwito wa Askofu Edward Steere, na mwaka 1876 akafika Unguja kujiunga na Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo kwa kifupi chake cha Kiingereza inafahamika kama UMCA.

Jambo hili lina uzito kwa wasomaji wa jarida la Kiswahili. Steere ndiye aliyetoa mwaka 1870 kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kilichokuwa msingi wa sarufi nyingi zilizofuata, na ndiye aliyeifanya Unguja kuwa kituo cha uchapaji wa vitabu vya Kiswahili. Johnson, basi, aliingia Afrika kupitia mlango wa Kiswahili, chini ya mwalimu aliyeamini kwamba mhubiri asiyejua lugha ya watu hana la kuwaambia. Mwaka huohuo wa 1876 alikuwa pamoja na Steere katika safari ya kuwapeleka watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, ambako kijiji chao kilianzishwa.

Masasi haikumtosha, kwa kuwa lengo lake lilikuwa ziwa. Mwaka 1880 alikwenda Mwembe, mji wa Mataka katika nchi ya Wayao, upande wa Msumbiji wa leo. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka, baada ya watu wa mji kumhusisha na kukamatwa kwa msafara wa watumwa huko pwani. Mwaka 1882 alifika ziwani akiwa na Charles Janson, ambaye alifariki muda mfupi baada ya kuyaona maji hayo. Johnson aliendelea peke yake kutembea kijiji kwa kijiji. Katika safari hizo akapata wazo la kuwa na meli, kwa sababu vijiji vya mwambao vilikuwa vingi, vidogo, na vimetengana kwa milima inayoshuka hadi majini.

Mwaka 1884, alipokuwa akitafuta njia ya kupata meli hiyo, aliugua macho na kukaribia upofu kamili. Tangu hapo aliishi na uoni hafifu wa jicho moja. Wengi wanaomwandikia maisha yake huligeuza tukio hili kuwa kielelezo cha uvumilivu. Kwa mwanaisimu lina maana nyingine. Mtu asiyeona vema hujifunza lugha kwa sikio zaidi ya daftari. Humhitaji mwenzake wa kumsomea na kumrudishia sentensi, na huchelewa kuridhika na neno aliloliona kwenye orodha ya mtu mwingine. Kazi kubwa za Johnson za lugha zote zilifuata baada ya mwaka huo.

Meli iliyopewa jina la Charles Janson iliingia majini mwaka 1885, na mwaka huohuo kisiwa cha Likoma kikawa makao ya misheni. Septemba 1895 Maples, aliyekuwa amewekwa wakfu kuwa askofu muda mfupi tu kabla ya hapo, alizama ziwani. Mwaka 1896 Johnson alifanywa Arkidikoni wa Nyasa. Meli ya pili, Chauncy Maples, ilitengenezwa Glasgow, ikasafirishwa vipandevipande na kuzinduliwa ziwani mwaka 1901 ili iwe shule, kanisa na zahanati inayoelea. Kwa miaka mingi maisha ya Johnson yalikuwa ni kushuka kijijini, kufundisha, kusikiliza, kisha kupanda tena chomboni kuelekea kijiji kinachofuata. Uandishi wake ulikulia katika mwendo huo.

3. Mwambao mmoja, tawala tatu, lugha nyingi

Mwishoni mwa karne ya 19 mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa uligawanywa kati ya Wajerumani upande wa kaskazini na Wareno upande wa kusini, huku Likoma, kisiwa kilicho karibu kabisa na pwani ya Wareno, kikibaki mikononi mwa Waingereza. Dayosisi ya Johnson ilivuka mipaka hiyo yote. Mtu wa Chiwindi na mtu wa Likoma waliweza kuabudu kwa kitabu kimoja huku wakilipa kodi kwa mataifa mawili tofauti.

Lugha nazo hazikufuata mipaka hiyo. Kinyanja, ambacho upande wa Tanzania wengi hukiita Kinyasa, kilitumika Likoma na sehemu ya kusini ya mwambao. Kaskazini zaidi, kuelekea Liuli na Lituhi, kulikuwa na Kimpoto na Kimanda. Milimani juu yao, katika nchi inayofahamika leo kwa kahawa ya Mbinga na kwa kilimo cha ngoro, kilizungumzwa Kimatengo. Katika uainishaji wa Guthrie, Kimanda, Kingoni, Kimatengo na Kimpoto ni kundi la N.10, ambapo Kimpoto ni N.14, ilhali Kinyanja kimo katika kundi la N.30. Kwa hiyo, mhubiri anayetoka Likoma kwenda Liuli alikuwa akivuka mpaka wa kundi la lugha. Hakuwa akihama kutoka lahaja moja kwenda nyingine ya lugha ileile.

Juu ya lugha hizi zote kulikuwa na Kiswahili. Serikali ya Wajerumani ilikitumia katika utawala na katika shule zake. Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera, katika nchi ya Mbinga, mwaka 1899, nao waliegemea Kiswahili katika shule na mafundisho ya dini. Vijana bora wa UMCA kutoka ziwani walipelekwa Kiungani, Unguja, wakarudi wakiwa wamesoma kwa Kiswahili. Kwa hali hiyo, njia rahisi kwa Johnson ingekuwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya vitabu vya mwambao. Alikijua, vitabu vilikuwepo, na wasomaji wa kwanza walikuwepo.

Hakufanya hivyo. Alichagua Kinyanja cha Likoma kwa kazi kubwa, kisha akafasiri pia sehemu za Maandiko kwa Kimpoto. Uamuzi huu wa pili ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Baada ya kuwa na kitabu kizima cha Kinyanja, misheni ingeweza kuwaambia Wampoto wajifunze lugha ya Likoma, kama makanisa mengi yalivyofanya kwa lugha ndogo zilizo jirani na lugha kubwa. Kufasiri upya kwa ajili ya jamii ndogo kulikuwa ni kukiri kwamba Kimpoto ni lugha inayojitegemea.

Ugumu wa kazi hiyo unaweza kuonyeshwa kwa neno moja. Katika Kiswahili, *anafika* ni tendo linaloendelea sasa. Katika Kinyanja, *anafika* ni tendo lililokwisha, kwa kuwa kiambishi *-na-* huonyesha wakati uliopita. Kijana aliyerudi kutoka Kiungani na kupewa kitabu cha Kinyanja angeweza kutamka kila silabi sawasawa na bado akakosea wakati wa tukio zima. Masimulizi ya Injili yamejaa vitenzi vya aina hiyo. Mfasiri aliyefika ziwani na Kiswahili kichwani alipaswa kukisahau kwa makusudi kila alipoandika kitenzi.

Suala la jina la Mungu ni zito vilevile. Kiswahili kina *Mungu*, Kinyanja na Kiyao vina *Mulungu*, na Wangoni wanamwita *Chapanga*, Yeye aliyeumba na kupanga. Katika mwambao uliokuwa ukiogopa mikuki ya Wangoni, kuchagua jina kulikuwa na sura ya kisiasa pamoja na ya kiteolojia.

4. Vitabu viwili vya Kiingereza

Mwaka 1922 kilitoka *Nyasa, the Great Water*, kitabu kinachoeleza ziwa na maisha ya watu wake. Mwaka 1924 kilifuata *My African Reminiscences, 1875–1895*, kilichotolewa na UMCA. Katika kipindi hichohicho cha miaka ya 1920 ulichapishwa pia mkusanyo wake wa methali za Kinyanja. Mwandishi alikuwa na umri wa karibu miaka 70.

Kichwa cha kitabu cha kwanza chenyewe ni somo la isimu. *Nyasa* katika Kiyao ni ziwa, maji mengi, kama ilivyo *nyanja* katika Kinyanja. Livingstone alipofika mwaka 1859 aliandika nomino ya kawaida kana kwamba ni jina la pekee, na ramani zikamfuata, hata leo tunasema Ziwa Nyasa, yaani ziwa ziwa. Johnson alilitumia jina hilo akaliwekea tafsiri pembeni, "maji makuu". Kwa msomaji wa London kichwa hicho ni jina na sifa. Kwa msomaji wa Liuli ni neno na maana yake, mfano wa kidahizo na fasili yake katika kamusi.

Kitabu cha pili kinafundisha kwa mipaka yake. Johnson alikiandika baada ya karibu nusu karne ya kazi, lakini alikifungia kumbukumbu zake mwaka 1895, mwaka aliokufa Maples. Miaka takriban 30 iliyofuata, yenye meli mpya, utawala wa Wajerumani, Vita vya Majimaji katika nchi ya Songea, na vita vya dunia vilivyofika hadi bandari ya Liuli pale meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann mwezi Agosti 1914, imo nje ya kumbukumbu hizo. Watafiti wanaomtegemea Johnson wa Kiingereza pekee wanapata, kwa hiyo, mtu wa kizazi cha wapelelezi na misafara. Johnson wa karne ya 20, mfasiri na mwalimu, hawakutani naye.

Huko si kudharau vitabu hivyo. Ni ushahidi wa mtu aliyeishi mahali pamoja kwa muda ambao wageni wachache waliufikia. Hata hivyo, vinabaki maandishi ya mkoloni kwa wasomaji wa kwao: watu wa ziwa ndio wanaoelezwa, na wanaoelezewa wako mbali. Katika matini za Kinyanja na Kimpoto uhusiano huo unageuka. Pale, watu wa ziwa ndio wasomaji, na ndio wanaoweza kusema kwamba sentensi fulani si lugha yao.

5. Matini zilizofichwa na katalogi

Biblia nzima ya Kinyanja cha Likoma ilitoka mwaka 1912, takriban miaka kumi kabla ya *Buku Lopatulika*, tafsiri iliyokuja kuenea katika Malawi ya leo. Ni kazi ya miongo, yenye kurasa nyingi kuliko vitabu vyote vya Kiingereza vya Johnson vikiunganishwa. Katika maktaba, kitabu cha namna hiyo huorodheshwa chini ya neno Biblia, kisha chini ya jina la lugha. Jina la mfasiri likionekana huwa mwishoni. Mtafiti anayetafuta kazi za Johnson kwa jina lake atakutana kwanza na vile viwili vya Kiingereza, na anaweza kuishia hapo akiamini amemaliza.

Kuna hasara kubwa zaidi. Nyuma ya mfasiri mwenye uoni hafifu wa jicho moja kulikuwa na walimu na wasomaji wa mwambao waliosahihisha, waliokataa maneno na waliopendekeza mengine. Katalogi inayomweka mfasiri pembeni huwaondoa hao kabisa. Kwa hiyo, kudai nafasi ya Johnson kama mwandishi wa Kinyanja na Kimpoto hakuongezi sifa za Mwingereza mmoja tu. Kunafungua mlango wa kuwauliza waliokaa naye mezani.

Wenzake wengine hawahitaji kukisiwa, kwa kuwa waliandika kwa majina yao. Yohanna Abdallah, padri Myao aliyesoma Kiungani na kufanya kazi Unangu, alichapisha mwaka 1919, Zomba, *Chiikala cha Wayao*, historia ya watu wake kwa Kiyao pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Augustine Ambali, naye zao la Kiungani, aliandika kumbukumbu za miaka 30 ya kazi yake ziwani. Petro Kilekwa, Mbisa aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini na meli ya kivita ya Uingereza na kusomeshwa Kiungani, alisimulia maisha yake kwa Kinyanja, na tafsiri ya Kiingereza ikatolewa mwaka 1937. Kazi ya Kilekwa ndiyo inayogusa hoja yetu moja kwa moja. Inathibitisha kwamba Kinyanja cha misheni hakikubaki chombo cha kusomea Maandiko tu. Kilikuwa lugha ambayo Mwafrika aliweza kuitumia kuandika nafsi yake.

Tukiziweka kazi hizi pamoja kwa tarehe zake, tunaona kwamba Abdallah alitangulia vitabu vyote viwili vya Kiingereza vya Johnson. Historia ya uandishi usio wa kubuni katika eneo la Nyasa, basi, haiwezi kusimuliwa kama mkondo unaoanzia kwa Mzungu na kuishia kwa wanafunzi wake. Walikuwa wakiandika kwa wakati mmoja, ndani ya misheni moja, katika lugha tofauti.

6. Mwaka 1928

Juni 1928 mkutano wa Mombasa ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Lahaja iliyochaguliwa ndiyo ile Steere aliyoichambua na kuichapishia vitabu. Oktoba ya mwaka huohuo wa 1928 alifariki Liuli mwanafunzi wa Steere aliyechukua mbinu za mwalimu wake na kuacha lugha yake.

Sadfa ya tarehe haithibitishi jambo lolote, lakini inasaidia kuona njia mbili zilizotoka katika shule moja. Ya kwanza ilichukua lugha moja na kuipa uwezo wa kuwaunganisha watu wengi. Ya pili ilichukua lugha nyingi na kuupa kila umma mdogo kitabu chake. Katika Tanzania njia ya kwanza ilishinda, na makala haya hayasikitikii ushindi huo. Mtu wa Mbamba Bay, wa Mbinga mjini na wa Kigonsera wanaelewana leo kwa Kiswahili bila mkalimani, na uhuru wa nchi ulizungumzwa kwa lugha hiyo. Ila ushindi ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ni lazima ipimwe. Kinyanja kina dola, redio na vyuo katika Malawi. Kimpoto hakina nchi nyingine ya kukimbilia. Kwa lugha hiyo, matini za zamani za Johnson ni ushahidi adimu wa namna wazungumzaji wa mwanzoni mwa karne ya 20 walivyounda sentensi kabla shule na redio za Kiswahili hazijaingia katika kila nyumba.

7. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba William Percival Johnson anapaswa kusomwa kwanza kama mwandishi wa lugha za ziwa, kisha kama mwandishi wa Kiingereza. Kumgeuza hivyo kunabadili mambo matatu: idadi ya kazi tunazozihesabu, kipindi cha maisha yake tunachoweza kukichunguza, na watu tunaoweza kuwatafuta nyuma ya kazi hizo.

Kuna kazi mahususi inayowasubiri wanafunzi wa uzamili na uzamivu, hususan wale wenye asili ya Ruvuma. Matini za Kimpoto zilinganishwe na usemi wa sasa wa Liuli na Lituhi, kwa kuanzia na mfumo wa njeo, viambishi vya ngeli na maneno yaliyokopwa kutoka Kiswahili. Zilinganishwe pia na matini za Kinyanja za 1912 ili ionekane mahali ambapo mfasiri alisikiliza upya na mahali alipohamisha tu. Uchunguzi huo unahitaji wazee ambao bado wanaisema lugha hiyo bila kuichanganya na Kiswahili, na hao wanapungua kila mwaka. Karatasi itasubiri katika maktaba. Masikio yanayoweza kuihukumu hayatasubiri.